Mavyaa na Mkazamwana Jukwaani: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: mchezo wa kuchekesha wa mapenzi, wa zama za bibi zetu, ambamo bibi harusi anaingia kwenye nyumba ya mumewe na kumkuta mavyaa, yaani mama wa mume, ndiye mwenye funguo. Yeye bibi harusi ndiye mkazamwana wake. Walioandika ni walimu, vikundi vya mitaani na vijana wanaotaka kurekodi. Karibu wote wameuweka mchezo wao Unguja mjini, miaka ya 1930, na kwa kuwa maswali yanaingiliana, tumeyajibu kama yanahusu nyumba moja. Majina tumeyaacha, miji tumeitaja.

SWALI: Mchezo wetu tumeuonyesha shuleni mara mbili. Mavyaa anamtukana bibi harusi tangu anapoingia hadi pazia linapofungwa. Mara ya kwanza watu walicheka dakika kumi tu kisha wakanyamaza. Mara ya pili mama mmoja alinyanyuka akaondoka. Tumekosea wapi? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Kosa liko kwenye matusi yenyewe. Tusi likishatoka mdomoni, la pili lazima liwe kubwa kuliko la kwanza, na la tatu kubwa zaidi. Dakika ya kumi mmeshafika mwisho wa ngazi na bado mna saa nzima mbele yenu. Tena si kweli kwa zama hizo. Mwanamke wa mjini mwenye heshima yake hamtukani mke wa mwanawe. Akimtukana, kashindwa yeye. Anachofanya ni kumpiga vijembe, na kijembe hakitupwi usoni. Kinapitishwa kwa mtu mwingine au kwa kitu. Mtieni paka kwenye nyumba hiyo, muone tofauti:

MAVYAA (kwa paka): We paka, nyumba hii hatulali mpaka jua likatupiga usoni. Labda huko utokako.
BIBI HARUSI (anammiminia paka maziwa): Kunywa, baba. Wenye nyumba wamewahi kuamka, wakasahau kukupa.

Hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima, na kila mtu ukumbini ameelewa. Watu hucheka wanapomwona mtu anajizuia. Akishajiachia, wanaanza kumhurumia anayepigwa, na ndipo mama yule aliponyanyuka.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mavyaa wenu hana sababu. Chukueni kila ugomvi uliomo kwenye mswada, na pembeni yake muandike jibu la swali hili: hapa mavyaa anaogopa nini? Jibu likiwa "ana roho mbaya tu", futeni ugomvi huo. Sababu za kweli zipo tele. Mwaka 1937 na 1938 wafanyabiashara wa India waliigomea karafuu ya Unguja. Mumewe mavyaa ikiwa ni mtu wa karafuu, magunia yamelala na fedha haiingii. Mwanamke anayepima mchele kwa kibaba na kufunga ghala kwa kufuli mwaka huo si bahili, anaiokoa nyumba, ila hataki watu wajue. Bibi harusi hajui. Anaona kufuli tu. Hapo mmepata ugomvi ambao pande zote mbili zina haki, na huo ndio unaochekesha mpaka mwisho.

Halafu punguzeni. Kwa mchezo wa dakika 90, magombano matano yanatosha, na kila moja liwe juu ya kitu kinachoshikika: bunda la funguo, tui, kitanda, kanga, gramafoni. Kila kitu kionekane mara tatu. Mara ya kwanza kinapita kama hakina maana, mara ya pili kinagombewa, mara ya tatu kinarudi kikiwa na maana nyingine. Kati ya mara ya kwanza na ya pili acheni walau dakika kumi, la sivyo watazamaji wataona mtego unavyotegwa. Na bibi harusi naye akosee walau mara moja, kosa la kweli kabisa. Bibi harusi asiye na doa hachekeshi mtu.

SWALI: Mchezo wetu ni wa mwaka 1937. Mzee mmoja ameusoma mswada akasema umejaa makosa ya wakati lakini hakutuonyesha ni yapi. Ndani yake kuna redio, mahari ya rupia, ndoo za plastiki, na harusi inaanzia nyumbani kwa mavyaa. (Kikundi cha mtaani, Mombasa)

JIBU: Mzee amesema kweli, na kosa kubwa ni hilo la mwisho. Kwa desturi ya miji mingi ya pwani, bwana harusi ndiye anayeingia nyumbani kwa bibi harusi, na fungate, zile siku saba, hukaa huko huko. Bibi harusi hamkuti mavyaa nyumbani kwake usiku wa harusi. Anzeni siku ya nane, anapofikishwa kwa mumewe na sanduku lake na somo wake, yule mwanamke aliyemfunda. Mtapata mwanzo mzuri zaidi pia: wiki nzima amehudumiwa kama malkia, na sasa anakanyaga kizingiti cha mtu mwingine.

Redio iondoeni. Sauti ya Unguja ilianza kutangaza mwaka 1951. Gramafoni ndiyo mashine ya nyumba hiyo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na miaka tisa baadaye si ajabu kijana wa mjini kuwa na santuri mbili tatu na kuzipenda kama macho yake. Ndoo iwe ya bati, maji yawe mtungini, taa iwe kandili, na karabai iwashwe siku ya wageni tu.

Rupia msiiondoe! Unguja iliacha rupia mwaka 1936 ikaingia shilingi, na rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Mwaka 1937 mavyaa bado anahesabu kwa rupia kichwani, mkazamwana aliyesoma anahesabu kwa shilingi. Mmoja anasema mahari yalikuwa 100, mwingine anashikilia 150, na wote wawili wanasema kweli. Hesabu hiyo peke yake ni dakika nne za kicheko. Mtu wa kuwaamua awe bavyaa, baba wa mume, naye afanye hesabu kwa vidole akosee.

Pitieni na maneno yenyewe. "Changamoto" kwa maana ya tatizo, "kiukweli", "mrejesho": hakuna bibi wa mwaka 1937 aliyesema hayo. Sabalkheri, masalkheri, shikamoo na marahaba zitawabeba mbali. Bibi harusi amwite mavyaa "Mama", naye amwite "mwanangu", hata siku wanapochukiana. Siku hizo hasa.

SWALI: Tunataka ugomvi wa kanga, lakini watazamaji hawawezi kuyasoma maneno kutoka walipokaa. Tena muongozaji anasema kanga ya wakati huo ilikuwa na maandishi ya Kiarabu. Tufanyeje? (Unguja)

JIBU: Hiyo ya maandishi ni hazina, msiikimbie. Kanga za zamani zilikuwa na jina kwa herufi za Kiarabu, na herufi za Kirumi ziliingia baadaye. Mavyaa amesoma chuoni, anazisoma herufi za Kiarabu bila shida, na za Kirumi kwake ni michoro tu. Bibi harusi yeye amepita skuli ya serikali ya wasichana, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1927. Nyumba moja, wanawake wawili wasomi, kila mmoja hajui anachojua mwenzake. Anayejua yote mawili ni wifi.

Basi mkazamwana, kwa hasira ya siku moja, ananunua doti ya kanga yenye jina la herufi za Kirumi: SIKUJA KUWA MBUZI WAKO. Anampelekea mavyaa kama zawadi. Mavyaa anamwita binti yake amsomee. Wifi anaona moto unakuja, anasoma: "Sikuachi mama yangu." Mavyaa analia kwa furaha, na siku ya arusi ya jirani anaivaa. Angalieni urefu: jina la kweli na lile la uongo yakaribiane kwa silabi na yaanze na sauti moja, maana mavyaa atakuwa anafuatisha herufi kwa kidole wakati binti anasoma. Hilo ndilo kosa kubwa la bibi harusi mnalolihitaji, na yeye ndiye atakayehangaika usiku kucha kuitafuta njia ya kuirudisha kanga ile.

Kuhusu kuonekana. Herufi za kanga ya dukani ni ndogo, kuanzia safu ya tano hazisomeki. Nunueni kanga ya pamba, kateni kipande cha kitambaa chenye rangi ya mji wa kanga (sehemu yake ya kati), andikeni kwa rangi ya nguo herufi kubwa za sentimita 8 zenye unene wa kidole, kisha mshone juu ya jina la awali. Fanyeni kwa vipande vyote viwili vya doti. Kanga ikivaliwa, jina linakaa nyuma, chini ya kiuno, kwa hiyo mwigizaji lazima awageuzie watazamaji mgongo. Ageuke polepole na asimame akihesabu moja hadi nne kimoyomoyo kabla hajatembea. Wakigeuka haraka ndipo kicheko kinapopotea. Msitegemee hilo tu, lakini: bibi harusi alitamke jina lile kwa sauti mapema, dukani, ili hata aliye nyuma kabisa alijue.

Kanga mpya ina uwanga, inasimama kama karatasi. Ifueni mara mbili kabla ya mazoezi ya mavazi. Na buibui la mavyaa liwe lile pana la kuvutwa kichwani na kushikwa chini ya kidevu, si abaya ya vifungo.

SWALI: Tuna onyesho la jikoni ambapo bibi harusi anaharibu chakula. Halichekeshi. Anaunguza wali, mavyaa anapiga kelele, basi. (Dar es Salaam)

JIBU: Wali ukiungua jukwaani hakuna anayeuona. Mfanyeni akate tui. Kila aliyepikia nazi anajua aibu yake, na mtazamaji anaweza kuliona kwa macho.

Tui hukatika likichemka kwa nguvu bila kukorogwa. Mafuta yanajitenga na maji, vinaelea vichembe kama maziwa yaliyoganda. Hukatika pia ukitia ndimu, ukwaju au embe bichi mapema, kabla halijachemka taratibu na kutulia. Mavyaa aliseme hili mwanzoni, kwa ufupi na bila ukali: "Tui halitaki mkono ulale." Kisha anaondoka, na zile mitalawanda zake, viatu vya mti, tunazisikia zikipanda ngazi.

Bibi harusi anakoroga. Santuri inapiga ukumbini. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 unachukua kama dakika tatu, basi wimbo huo ndio saa yenu. Unapokwisha, sindano inakwaruza, naye anasema nikaigeuze tu. Anakwenda, anaigeuza, anabadilisha sindano, anazungusha mkono wa mashine, anasikiliza kidogo. Hakuna haja ya kuonyesha chungu. Watazamaji watakuwa wanakitazama wao wenyewe, na kina mama watamwita kwa sauti arudi.

Sasa vifaa. Nyumbani, kilo moja ya mchele inataka nazi mbili kavu. Jukwaani kuneni kifuu kimoja tu, tena kiwe kimeshakunwa nusu kabla taa hazijawashwa. Mkono uliozoea unamaliza kifuu kwa dakika tatu nne, usiozoea unakula onyesho zima. Mbuzi ya kukunia nazi iwekeni mshazari kidogo, mwigizaji aonekane mikono na uso. Akiielekea hadhira moja kwa moja, magoti yanaficha kila kitu. Meno ya mbuzi yavalisheni kitambaa kizito kila isipotumika, maana pazia likifungwa watu hukimbia gizani. Kifumbu kiwe cha ukindu, si chujio la plastiki.

Tui lililokatika msilipike. Chukueni nusu kikombe cha mtindi, kikombe kimoja cha maji na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, mtikise mara mbili tu. Vibonge vinabaki vinaelea, mafuta yanang'aa juu. Lifanyeni wakati wa mapumziko, kwa sababu chini ya taa za jukwaa mtindi unanuka ndani ya saa moja. Mavyaa anarudi, anachota kwa upawa, ananyanyua juu na kumimina polepole kwenye bakuli jeupe la kauri. Haneni kitu. Anamimina mara ya pili. Ukimya huo ni mtamu kuliko kelele zote mlizoandika.

Seredani, jiko la mkaa, msiiwashe ndani ya ukumbi. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Pangeni mkaa baridi, chini yake taa ndogo nyekundu ya betri. Na sauti ya gramafoni itoke kwenye spika iliyofichwa nyuma ya mashine yenyewe. Ikitokea kwenye spika kubwa za ukumbi, sikio la mtazamaji halidanganyiki.

SWALI: Ni mchezo wa mapenzi, lakini wazazi na viongozi wetu hawataki kuona watu wanakumbatiana jukwaani. Mapenzi yataonekanaje? (Nairobi)

JIBU: Yataonekana vizuri zaidi, na ndivyo yalivyoonekana wakati huo. Mume na mke wa mwaka 1937 hawakushikana mikono mbele ya mama. Kila walichopeana kilipita kwa mlango wa nyuma.

Tumieni kikuba. Ni kifungu kidogo cha asumini na rihani, pengine na kilua au mkadi, mwanamke hukibana kwenye nguo au nywele. Kijana anakinunua jioni, anaogopa kupita nacho mbele ya mama yake, anakificha chini ya kofia. Anaingia akitokea kuswali Isha. Mavyaa amekaa na kijaluba chake cha tambuu. Ananusa mara moja. Ananusa tena.

MAVYAA: Mwanangu, msikiti gani huo siku hizi unanukia asumini?

Kisha anamwambia avue kofia apumzike, kuna joto. Kijana anakataa. Ametokwa na jasho, kofia inamwasha, na mkewe yuko mlangoni anajua kilichomo. Hamtahitaji kukumbatiana.

Asumini inachumwa alasiri ikiwa bado imefumba, inafumbuka usiku. Kwa kikuba kimoja tungeni maua 40 hadi 50 kwa sindano nyembamba na uzi wa pamba, myakunje kwenye kitambaa kibichi mpaka dakika kumi kabla ya onyesho. Taa zikiyapiga saa moja yanageuka kahawia, basi muwe na kikuba cha pili. Maua ya plastiki hayafai hapa: harufu ya asumini inafika safu za mbele, na watu wakiinusa wanaanza kucheka kabla mavyaa hajanena. Tambuu ya mavyaa nayo muitengeneze: jani la tambuu peke yake, ndani nazi iliyokunwa na matone mawili ya rangi nyekundu ya chakula. Popoo na tumbaku vinaweza kumlevya mwigizaji asiyezoea akiwa katikati ya maneno yake.

SWALI: Bwana harusi wetu hana la kufanya. Anasimama tu katikati ya wanawake wawili. (Mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo)

JIBU: Kwa sababu mmemfanya mwema. Mpeni uongo. Asubuhi anamwambia mama mchuzi wake hauna mfano, jioni anamwambia mkewe maneno yale yale, neno kwa neno, na siku ya tatu wote wawili wanapika. Kwenye sinia kuna mabakuli mawili na anatazamwa ale la kwanza lipi. Asiokolewe na mgeni anayepiga hodi, tumechoka na mgeni huyo. Ale. Achague. Na akosee.

SWALI: Tuna mtumishi mzee wa kike katika nyumba ya mavyaa. Tumempa Kiswahili cha kuchapia ili achekeshe. Baadhi yetu hawapendi. (Pemba)

JIBU: Walio na shaka wako sahihi. Utumwa ulifutwa Unguja kwa amri ya mwaka 1897. Mwanamke wa miaka 60 katika mchezo wa 1937 alikuwa na miaka 20 siku amri ile inatolewa. Huenda yeye mwenyewe aliwahi kumilikiwa, pengine na nyumba hiyo hiyo. Kumwekea lafudhi watu wamcheke ni kumuumiza mara ya pili, na katika ukumbi wenu wamo wajukuu wa watu kama yeye. Tena si kweli: amekaa mji huo maisha yake yote, Kiswahili chake ni kile kile cha mavyaa.

Mpeni kumbukumbu. Yeye pekee ndani ya nyumba alikuwepo siku mavyaa alipoletwa akiwa bibi harusi wa miaka kumi na sita. Anajua nani alikata tui siku ile na nani alilia chooni. Hayo ayaseme mara moja tu, akiwa anapepeta mchele, bila kuinua macho, na mavyaa amsikie. Mchezo mzima unageukia hapo. Mwigizaji wenu bora mpeni nafasi hiyo hata kama maneno yake ni machache.

SWALI: Tunaandika wimbo wa bibi harusi lakini wapigaji wanasema hauingii kwenye mapigo. (Lamu)

JIBU: Hesabuni mizani. Kila mshororo uwe na vipande viwili vya silabi nane nane, na vina vya kati na vya mwisho vilingane beti nzima. Mishororo mitatu inatosha kwa ubeti wa taarabu. Mfano huu tumeutunga kwa mchezo wenu, uchukueni mkiupenda:

*Nimekuja kwenu mama, sikuja kunyang'anyana,*
*Bunda lako la heshima, kaa nalo kwa amana,*
*Nipe japo neno jema, niitwe nami ni mwana.*

Wimbo unaodai unakwama, huu unaomba, kwa hiyo unaimbika. Beti nne zinatosha, mkizidisha mchezo unalala.

SWALI: Tuko Muscat, wazee wetu walitoka Unguja. Tunataka kurekodi mchezo wa kusikiliza tu, vipande vya dakika kumi kumi. (Oman)

JIBU: Mpeni kila mwanamke sauti ya kitu chake. Mavyaa ana funguo na mitalawanda, bibi harusi ana vikuku mkononi. Msimpe mavyaa vikuku hata kimoja, msikilizaji atachanganya. Sauti za waigizaji wawili zitofautiane kwa mwendo zaidi ya wembamba: mmoja apumzike katikati ya sentensi, mwingine aongee bila kupumua. Rekodini kwenye chumba cha kulala chenye godoro na mablanketi ukutani, si kwenye ukumbi wa vigae. Maikrofoni ikae shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, na kwa minong'ono isogezwe mpaka shubiri moja. Kukuna nazi mrekodi kwa kweli, hakuna sauti nyingine inayofanana nayo.

SWALI: Mwisho wetu ni mavyaa anapiga magoti kuomba msamaha. Watu wanaona haya kutazama. (Temeke, Dar es Salaam)

JIBU: Wanaona haya kwa sababu mzee hampigii mtoto magoti, na bibi harusi anayeruhusu jambo hilo amekosa adabu. Mzee wa zama zile huomba radhi kwa kitendo. Kutoka kwenye lile bunda, mavyaa atoe ufunguo mmoja. Si wa ghala, ghala libaki lake. Awe ni ufunguo wa kasha, lile lenye nguo zake za ubibi harusi. Auweke juu ya sinia, ajishughulishe na jambo lingine.

Na ile kanga? Mkitumia tuliyoipendekeza juu, sasa anajua ilichoandikwa, kina mama wa arusini walishamsomea. Bibi harusi amekaa anangoja hukumu. Mavyaa anatoka ndani ameivaa tena, kwa makusudi, anageuka polepole mpaka watu wote wameisoma. Anaiweka mbuzi ya nazi katikati ya ua, anatandika kitambaa juu ya kiti chake.

MAVYAA: Mbuzi wangu huyu hapa. Njoo umkalie.

Bibi harusi anakaa, anaanza kukuna. Mavyaa anachuchumaa pembeni na kukamata kifumbu. Taa zizimike wakati nazi bado inakunwa, na sauti iendelee gizani kama sekunde tano kabla ya makofi.

SWALI: Mavyaa wetu ameteleza na mitalawanda mara mbili mazoezini. (Tanga)

JIBU: Bandikeni kipande cha mpira wa tairi la baiskeli chini ya nusu ya mbele, kisigino kiacheni mti mtupu ndicho kitoe mlio. Kagueni misumari ya ukanda kila baada ya onyesho, hulegea upande wa kidole gumba. Na azivae nyumbani wiki mbili kabla, kwenye sakafu ya saruji, akiwa amebeba sinia.